Duka la kijiji katika Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 20: maana yake hasa

Duka la kijiji, kwa maana waliyoizoea Waingereza wa mashambani kati ya mwaka 1900 na Vita Kuu ya Pili, mara nyingi lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mtu. Familia ilipika nyuma yake na kulala juu yake. Kengele iliyofungwa juu ya mlango ililia kila mteja alipoingia, na aliyekuwa karibu, awe mama, binti au bibi, aliacha chakula mezani akaenda kuhudumia. Ndani ya chumba hicho kimoja mliuzwa unga, sukari, chai, jibini, bekoni, mishumaa, mafuta ya taa, kamba za viatu, uzi, sindano, dawa ya kikohozi na pipi za watoto. Karafuu pia zilikuwepo, kwa ajili ya pai za matofaa, na wakati ule sehemu kubwa ya karafuu za dunia nzima ilitoka Unguja na Pemba.

Bidhaa zilifika kwa jumla, wala si zimefungwa tayari. Sukari ilikuja kwa magunia, chai kwa makasha ya mbao, siki kwa mapipa. Kupima na kufungasha ilikuwa kazi ya nyumba nzima, na ndiyo maana watu waliozaliwa katika maduka hayo, walipoulizwa uzeeni, walikumbuka zaidi kazi kuliko biashara: kukunja mifuko ya karatasi ya bluu ya sukari, kuchambua vikonyo kwenye zabibu kavu, kukata jibini kwa waya. Walipima kwa ratili, yenye wakia 16. Pesa nazo zilikuwa na hesabu yake: peni 12 kwa shilingi, shilingi 20 kwa pauni, na peni yenyewe ikigawanyika robo nne. Kwa wauza nguo, robo peni iliyokosekana kwenye chenji ililipwa wakati mwingine kwa kipande cha karatasi kilichochomekwa pini.

Lakini mtu anaweza kujua bidhaa hizo zote asiielewe dhana yenyewe. Kiini chake kilikuwa daftari la mkopo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kibarua wa shamba katika kaunti nyingi za kusini alipata shilingi 15 hivi kwa wiki, na pesa hizo zililazimika kulisha watoto watano au sita. Mke alichukua vitu siku baada ya siku, mwenye duka akaandika, na malipo yakafanyika mwisho wa wiki mshahara ulipotoka. Aliyelipa vizuri, watoto wake mara nyingi walipewa pipi chache ndani ya karatasi iliyosokotwa. Mvua ikinyesha wiki nzima kukawa hakuna kazi shambani, au mume akiugua, deni lilisogezwa mbele. Madeni makubwa, kama ya viatu, yalisubiri ziada ya msimu wa mavuno.

Kwa hiyo mwenye duka alijua mshahara wa kila nyumba, na alijua nani ameacha kununua siagi. Yeye mwenyewe alidaiwa na muuzaji wa jumla wa mjini, ambaye hakusubiri mavuno. Katikati ya shinikizo hizo mbili alipaswa kuamua, mbele ya jirani anayekaa naye benchi moja kanisani, kama atampa mkate wa leo au atamwambia alipe kwanza. Simulizi za wajukuu hupenda kusema "bibi hakumnyima mtu yeyote." Naamini wengi walikuwa wakarimu kweli. Hata hivyo ukarimu huo ulikuwa pia mamlaka. Familia yenye deni haikuweza kwenda kununua kwingine, haikuweza kulalamika kwamba bekoni imechacha, na mama mwenye deni alijua kwamba jina lake limo kitabuni pamoja na kiasi. Upande wa wateja, kumbukumbu inayodumu ni ya aibu ya mtoto aliyetumwa dukani akaambiwa akamwite mama yake. Kumbukumbu zote mbili ni za kweli, na anayetaka kuelewa duka la kijiji azisikilize pamoja.

Matajiri hawakuwa sehemu kubwa ya utaratibu huu. Nyumba ya bwana mwenye ardhi iliweza kuagiza vitu London kwa barua na kuletewa kwa reli.

Maduka mengi yalikuwa pia ofisi ya posta, jambo lililoyapa uzito wa kiserikali. Tarehe 1 Januari 1909 pensheni ya wazee ilianza kulipwa, kwa waliofikisha umri wa miaka 70 wenye kipato kidogo, hadi shilingi 5 kwa wiki, na ilichukuliwa posta. Mzee aliyekuwa akiishi kwa kuwategemea wanawe sasa alisimama kaunta akiwa na pesa zake mkononi, na mara nyingi alizitumia papo hapo. Vita ilipoanza mwaka 1914, wake wa askari walikuja kaunta hiyohiyo kuchukua posho. Habari za vifo nazo zilipitia posta: kwa familia za maofisa kwa telegramu, kwa familia za askari wa kawaida kwa fomu ya jeshi ndani ya bahasha. Mwanamke wa posta aliyezipanga barua asubuhi aliweza kuitambua bahasha ya namna hiyo kabla ya mwenyewe kuipokea. Mwaka 1918 ukaja mgawo wa chakula, na kila familia ikajiandikisha kwa muuza duka mmoja.

Jambo jingine la kukumbuka ni kuhusu wanawake. Vitabu vya orodha za wafanyabiashara, kama vile vya Kelly, viliandika jina la mwanamume mwenye duka. Mara nyingi huyo alikuwa na kazi nyingine, fundi viatu au seremala, na mke ndiye aliyesimama kaunta. Sensa ya mwaka 1911 iliuliza kazi ya kila mtu, lakini kwa wake wengi nafasi hiyo iliachwa wazi. Hapa kumbukumbu ya familia inasahihisha karatasi. Miaka ya 1970, Paul Thompson na Thea Vigne wa Chuo Kikuu cha Essex waliongoza mahojiano na watu zaidi ya 400 waliokua kabla ya 1918, na sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu nani alifanya nini nyumbani inatokana na sauti kama hizo.

Ushindani ulikuja kwa pesa taslimu. Vyama vya ushirika vilivyofuata mfano wa duka la wanachama lililoanzishwa Rochdale, mji wa kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1844 vilishikilia kanuni ya kutokopesha na kurudisha gawio kwa wanachama. Maduka ya kampuni zenye matawi mengi, kama Lipton, yaliuza kwa bei ya chini mijini. Mabasi ya miaka ya 1920 yalipofika vijijini, mwenye pesa alikwenda mjini Jumamosi, akarudi na kikapu kilichojaa. Katikati ya wiki pesa zikiisha, alirudi kwenye duka la jirani yake kukopa chai na mafuta ya taa. Mwenye duka la kijiji akabakiwa na biashara ya siku za shida peke yake, na bei ya kukopesha ikabaki juu yake.