Spika "imeungua": ni twita, ni fyuzi, au ni nini?

Spika kuungua ni waya wa koili yake kupata joto hadi ukakatika au ukashikana. Basi. Fyuzi ni jambo jingine: hukatika, na ndiyo kazi iliyowekewa. Lakini Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, kila boksi lenye sauti mbovu huambiwa "spika imeungua", na mwenyewe anatajiwa bei ya spika mpya ilhali wufa yake, yaani spika kubwa ya besi, haina neno.

Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo hutangulia kufa, maana koili yake ni ya waya mwembamba mno. Boksi likiandikwa wati 100, twita haibebi wati 100. Hubeba sehemu ndogo tu. Ampli ndogo iliyofunguliwa hadi mwisho nayo huunguza, kwa kuwa inakata vilele vya mawimbi na kuimwagia twita nguvu isiyoizoea. Besi inabaki, ila matoazi na herufi "s" zinapotea, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi.

Kinachoudhi ni upimaji. Mtu anagusisha mita kwenye vichomekeo vya nyuma ya boksi, anasoma ohm 6, anatangaza kwamba kila kitu ni kizima. Hiyo ni wufa peke yake! Kwenye krosova, yaani saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, njia ya twita ina kapasita, na kapasita haipitishi umeme wa DC wa mita. Twita iwe hai au imekufa, kutoka nyuma huioni.

Kwa hivyo zima ampli, fungua skrubu, toa twita nje, chomoa waya wake mmoja. Usipochomoa, koili ya krosova yaweza kukudanganya kwa usomaji wa chini ya ohm 1. Weka mita kwenye 200 ohm. Twita ya ohm 8 husoma takriban 5.5 hadi 7. Ya ohm 4, kati ya 3 na 4. Mita isiposogea, koili imekatika.

Fyuzi, kama boksi lina fyuzi, itoe kwanza ndipo uipime. Nzima husoma karibu na 0. Kioo kikiwa cheusi, shuku shoti. Kikiwa safi na uzi umekatika katikati, ilizidiwa polepole. Soma maandishi ya pembeni: F hukatika haraka, T huchelewa. F1.6A irudishiwe F1.6A, si karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, maana hapo twita ndiyo inageuka fyuzi. Na fyuzi nzima haithibitishi kwamba twita ni nzima: nyingi hulinda boksi zima, na twita huungua kwa mkondo ambao fyuzi haiuhisi.

Ukimpelekea fundi, basi, usimwambie spika imeungua. Mwambie twita ya kushoto haisomi, wufa inasoma 6, fyuzi ni nzima, halafu umuulize bei ya twita hiyo moja.