Uchunguzi wa Uharibifu wa Nguo: Ukingo Ulionyooka Hauthibitishi Kisu

Uchunguzi wa uharibifu wa nguo ni tawi la sayansi ya jinai linalotafuta kujua tundu, mpasuko, mkwaruzo au alama ya moto iliyo kwenye kitambaa imesababishwa na nini, na kama ni ya karibuni au ya zamani. Haushughulikii damu wala vinasaba, ingawa shati lilelile huweza kupita mikononi mwa wataalamu wa pande zote. Maana yake inaishia hapo, na isingehitaji maelezo zaidi kama kusingekuwa na mazoea, hapa Dodoma kama kwingineko, ya kutazama picha ya nguo iliyopasuka na kutamka papo hapo kwamba imekatwa kwa kisu, eti kwa sababu ukingo wake umenyooka.

Wauza vitambaa wetu wangeweza kulimaliza jambo hili. Muuzaji hupima kitambaa cha pamba, akatia mkasi kidogo pembeni, kisha akashika pande mbili na kupasua kwa mikono hadi mwisho, na mpasuko ukatoka umenyooka kuliko ambavyo mkasi wenyewe ungeunyoosha. Kitambaa cha namna hiyo kimefumwa kwa nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana) zinazopishana, hivyo kikivutwa, uzi mmoja hukatika baada ya mwingine na mpasuko hufuata njia ya uzi. Kwa hiyo unyoofu unaofuata uzi huweza kuwa dalili ya kuchanwa, ilhali ukingo unaokatiza nyuzi kwa mshazari bila kuyumba ndio humfanya mchunguzi afikirie makali.

Uamuzi hutegemea zaidi ncha za nyuzi, tena kwa hadubini. Palipokatwa, ncha huishia karibu katika mstari mmoja. Palipochanwa, hupishana urefu na kuchambuka, na kitambaa cha kando huwa kimevutika. Mkasi huweza kuacha vidato pale ulipofunguliwa na kusogezwa mbele. Poliesta iliyoguswa na moto huyeyuka na kuganda, ilhali pamba huungua ikawa mkaa. Nguo ikifuliwa baada ya tukio, ncha hizo huchambuka zaidi na mengi hupotea.

Wataalamu nao hukosea. Mwaka 1980 mtoto mchanga, Azaria Chamberlain, alitoweka karibu na Uluru nchini Australia. Mahakama ilielezwa kwamba nguo yake ilikatwa kwa mkasi, na mwaka 1982 mama yake, Lindy, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kumuua. Baadaye ilionekana kwamba meno ya mbwa huweza kukata kitambaa na kuacha alama zilizodhaniwa kuwa za mkasi. Hukumu ikafutwa mwaka 1988, na mwaka 2012 mchunguzi wa vifo akatamka kwamba mtoto alichukuliwa na dingo, mbwa wa porini wa nchi hiyo. Sisi tunaoishi na fisi na mbwa wazururao tulipaswa kuwa wa kwanza kukumbuka meno.

Hata kisu kikithibitika, urefu wa tundu si upana wa kisu, kwa kuwa nguo huwa imevutika au imekunjamana, na pigo moja kupitia kunjo huweza kutoboa mara kadhaa. Tena majeruhi akifikishwa hospitalini, wahudumu humkatia nguo ili wamtibu, na mkato huo hubaki kando ya ule wa tukio. Ndiyo maana mchunguzi makini hujaribu chombo kinachoshukiwa kwenye kitambaa cha aina ileile, kisha akaandika kwamba uharibifu “unalingana na” chombo hicho, bila kudai kwamba ndicho kilichotumika.

Kwa anayeripoti tukio, basi, inatosha kuandika kwamba nguo ilikutwa na mpasuko wenye kingo zilizonyooka, na neno “kukatwa” akamwachia aliyeziona ncha za nyuzi.