Saitokini ni nini, na zina kazi gani fangasi inapoingia hadi kwenye ubongo?

Mjomba wangu ni mrina asali huko Sikonge. Siku ya kwanza aliponipeleka porini kwenye mizinga ya magome aliniambia: nyuki mmoja akikuuma, ondoka hapo usisubiri wa pili. Pale alipokuuma pananukia kama ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake. Nilinusa mkono wangu, na kweli ilikuwa ndizi.

Sasa nafanya kazi maabara, na kila nikiulizwa saitokini ni nini naikumbuka harufu ile. Saitokini ni protini ndogo sana zinazotolewa na seli, hasa za kinga ya mwili, ili kupeleka habari kwa seli nyingine: njooni, ongezekeni, ueni, au tulieni. Seli yenye kipokezi cha habari hiyo huipokea na kutenda. Isiyo nacho haisikii kitu.

Wengi wetu tukisikia fangasi tunafikiria mba, au vidole vya miguu vinavyowasha. Ipo inayovuka hapo na kuingia kwenye mapafu, damu na ubongo. Ninayokutana nayo mimi ni kriptokokasi, inayoleta homa ya uti wa mgongo kwa watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana, hasa CD4, yaani seli za kinga ambazo VVU huzishambulia, zikiwa chini ya 100 katika kila milimita ya ujazo ya damu. Fangasi hii hukaa kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, nasi huivuta kwa pumzi. Walio wengi hawaugui.

Hawaugui kwa sababu ya mazungumzo yanayoendelea ndani ya pafu. Makrofeji, seli ambayo kazi yake ni kumeza wavamizi, huimeza fangasi. Lakini kuimeza si kuiua. Kriptokokasi inaweza kuishi na kuzaana humohumo tumboni mwa seli iliyoimeza. Hivyo mwili hutoa saitokini iitwayo interleukini-12 inayoziamsha seli za CD4. CD4 nazo hujibu kwa saitokini nyingine, interferoni gama, na jibu hilo likiifikia makrofeji ndipo inapopata nguvu ya kuua ilichokimeza. VVU vikishazimaliza CD4, jibu halirudi. Makrofeji inabaki na adui hai ndani yake.

Ukitaka kuona matokeo yake, chukua tone la maji ya uti wa mgongo, changanya na wino mweusi, weka chini ya hadubini. Kioo kizima ni giza, isipokuwa viduara vinavyong'aa: kila fangasi imezungukwa na ganda nene la utelezi ambalo wino hauwezi kupenya. Ganda hilo huifanya iwe ngumu kumezwa. Nimeviona viduara hivyo mara nyingi, na bado moyo hunishtuka.

Si kila fangasi huitiwa kwa mbiu ileile. Kandida, ile ya utando mweupe mdomoni, huzuiwa zaidi na saitokini iitwayo interleukini-17, inayozivuta neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, kuja kupigana.

Basi tuongeze saitokini, si ndiyo? Watafiti wa Afrika Kusini walijaribu, na matokeo yalitoka mwaka 2012: wagonjwa waliochomwa interferoni gama pamoja na dawa za fangasi fangasi iliondoka haraka zaidi kwenye maji ya uti wa mgongo wao. Ila walikuwa wachache mno kuonyesha kama vifo vilipungua, na mpaka leo si tiba ya kawaida. Wengine wakajaribu kinyume chake, kutuliza uvimbe kwa deksamethasoni, kama mjomba anavyofukiza mizinga ili nyuki wasinusiane. Utafiti huo wa Afrika na Asia ulisimamishwa kabla ya wakati. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba fangasi ilichelewa kuondoka na waliobaki na ulemavu walikuwa wengi zaidi.

Mwezi uliopita kijana kutoka Urambo, kaka yake amelazwa, alinisimamisha mlangoni. "Shikamoo daktari. Mbona ndugu yangu hapewi ARV, na mnasema ndizo zinazorudisha kinga?"

Nilimwambia: marahaba, ni kweli zinarudisha. Lakini kinga ikirudi ghafla wakati fangasi bado imejaa kichwani, saitokini humwagika zote kwa mkupuo, na uvimbe ndani ya fuvu hauna pa kwenda. Uganda na Afrika Kusini walilinganisha, matokeo yakatoka mwaka 2014: walioanzishwa ARV ndani ya wiki 1 hadi 2, asilimia 45 walifariki katika miezi sita; waliosubiri kama wiki 5, asilimia 30. Kwa hiyo tunaiua fangasi kwanza, na ARV zinaanza kati ya wiki ya 4 na ya 6 ya dawa za fangasi.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza wiki ya 4 inaangukia tarehe ngapi. Tukaihesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani.