Zile spika za jukwaani zimepinda kama ndizi, kwa nini?

Kila tukishusha mitambo uwanjani lazima atokee mtu aniulize, fundi mbona spika zako hazijanyooka, zimekaa kama ndizi? Nalipenda sana hilo swali maana kazi yangu karibu yote iko humo.

Ukiweka spika moja ya kawaida mbele, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti inapungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Yaani toka mita 5 kwenda 10, 20, 40 mpaka 80 zimeshapotea desibeli 24, kwahiyo ukitaka wa nyuma asikie vizuri wa mbele anaumia masikio, ukimhurumia wa mbele basi kule nyuma watu wanapiga stori zao. Na kuongeza volyum hakusaidii kitu hapo, unawaongezea wote kiasi kilekile, pengo linabaki palepale.

Ile ndizi si spika moja, ni boksi nyingi za spika zimening'inizwa moja chini ya nyingine. Sasa tuseme nimezipandisha mita 8 juu ya vichwa vya watu. Simama pale juu kwa mawazo uangalie chini. Watu wote walio kati ya mita 40 na mita 60, na hao ni wengi, utawaona kwenye kipande chembamba ambacho pembe yake haifiki hata nyuzi 4. Ila wale wachache wa karibu na steji, kati ya mita 4 na 8, wanachukua nyuzi 18! Chukua kalkuleta ya simu upige mwenyewe. Ndo maana boksi nne za juu nazibananisha, nyuzi moja moja tu kati yake, zote zitupe kule mbali nguvu zijumlike, afu zinazofuata nafungua kidogo kidogo, nyuzi 2, 3, 5, mpaka mbili za mwisho chini naziachia nyuzi 9 au 10. Wa nyuma anapigiwa na boksi nne kwa pamoja, wa mbele anapigiwa na moja, umbali unamalizia kusawazisha. Ukiitazama kwa pembeni inatoka herufi J.

Hii lain arei, yaani huo mpangilio wa boksi kwenye mstari mmoja, tunayoijua leo ilishika kasi baada ya mwaka 1992, pale Mfaransa Christian Heil wa kampuni ya spika ya L-Acoustics alipoleta mtambo wake wa V-DOSC. Shida aliyoitatua ni hii, sauti kali ya hezi 10,000 (mitetemo 10,000 kwa sekunde) wimbi lake ni sentimita 3.4 tu, kwahiyo tweta mbili, zile spika ndogo za sauti kali, zikiachana kidogo zinagombana, ukitembea uwanjani unasikia sauti inakuja inapotea. Yeye akaweka ndani ya boksi njia inayolazimisha mawimbi yafike kwa wakati mmoja kwenye mdomo mwembamba mrefu, ukizipanga zinakuwa kama tweta moja ndefu. Boksi za kawaida hata ukizining'iniza zikapinda vizuri hivyo hivyo hupati hiyo kitu, na inaniuma nikiona mtu kauziwa hivyo.

Besi ni habari nyingine. Hezi 100 wimbi lake ni mita 3.4, refu kuliko mkungu mzima wa boksi nane ndogo, kwahiyo haijali sana nyuzi ulizoweka, inasambaa mpaka nyuma ya steji.

Hapo ndo nakumbuka mkutano mmoja wa injili hapa Dar, nilikuwa bado msaidizi, muda umetubana tukapandisha boksi zote zimenyooka nyuzi sifuri, zimeelekea nyuma. Kule mwisho maneno yanafika safi kabisa, lakini kina mama waliokaa kwenye mikeka mbele wanapata mngurumo tu, s na t hazisikiki, mhubiri anasema neno wao wanatazamana. Sauti kali zote zilikuwa zinapita juu ya vichwa vyao! Tukashusha kwa winchi, tukahamisha pini zinazoshika nyuzi kati ya boksi moja moja, tukapandisha tena jua linazama. Nikawasha ile kelele ya majaribio, kama redio iliyokosa stesheni, nikatembea toka kwenye mikeka mpaka kwa muuza karanga mlangoni na kipimo mkononi, tofauti ikawa imebaki kama desibeli 5. Nikainua mkono, mhubiri akaendelea.