Mafuriko na gharika si neno moja

Bandika sufuria ya uji jikoni, kisha ugeuke kidogo kuzungumza na jirani. Povu litapanda mpaka ukingoni, na ghafla utasikia makaa yakilia. Uji umefurika. Neno mafuriko limetoka hapo hapo: kufura ni kuvimba, kufurika ni kujaa hadi kumwagikia nje. Umoja wake, furiko, ni nadra kuusikia, pengine kwa kuwa maji yakishatoka mtoni hayana moja wala mbili.

Kwa hiyo mafuriko ni habari ya chombo. Kwa watu wa Kano, hapa Kisumu, chombo hicho ni mto Nyando. Maji hushuka kutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho yakiwa mekundu kwa udongo. Yakifika tambarare hupunguza mwendo, udongo unatua, na sakafu ya mto inazidi kuinuka. Sufuria inakuwa fupi kila mwaka. Ndiyo maana Ahero, mji wa tambarare hiyo, inaweza kufurika siku ambayo haikunyesha hata tone: mvua ilikuwa ya huko juu, jana. Magodoro yanapandishwa juu ya meza, kuku wanapandishwa juu ya kabati, na maji yakiondoka hubaki mstari wa tope ukutani.

Gharika ni jambo jingine. Limetokana na Kiarabu, gharaq, yaani kuzama. Haliutazami mto, linamtazama anayezama. Kiswahili kina hata kitenzi chake, kughariki, kwa chombo kilichokwenda chini na watu wake. Biblia ya Kiswahili ililichagua kwa maji ya Nuhu. Kurani, katika sura ya Al-Ankabut, inayaita maji hayo tufani, neno ambalo kwetu limeelekea zaidi kwenye dhoruba ya baharini.

Basi mtu akiandika "gharika" kwa sababu barabara ya mjini imejaa maji ya vifundoni, mimi hukunja uso. Mtaro umeziba, bwana. Hayo ni mafuriko, tena ya kuruka kwa hatua moja. Lakini Solai, kaunti ya Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, ukuta wa bwawa ulipasuka na maji yakawashukia watu majumbani mwao. Zaidi ya 40 walikufa. Pale hakuna kilichojaa kikamwagika, ukingo wenyewe ndio uliokwenda na maji. Nikiambiwa nichague neno, nitasema gharika bila kusita.

Kuna maji yasiyoingia katika neno lolote kati ya haya mawili. Ziwa Nakuru lilianza kupanuka mnamo 2010, likameza lango kuu la zamani la hifadhi ya wanyama inayolizunguka, na miti ya kando ikakauka ikiwa imesimama majini. Halikuja kwa kishindo, wala halikurudi kesho yake. Watu husema tu kwamba ziwa limepanda.