Picha ya kuchangiana mwanga ni nini hasa?

Watu wakiona picha ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi huko angani, kwa simu, ile yenye wekundu na samawati imejikunja kama moshi wa udi, hudhani kuna mtu mmoja ana darubini kubwa ajabu kabonyeza mara moja basi imetoka. Haiwi hivyo, na picha nyingi za vitu hafifu kabisa siku hizi ni za mchango, yaani watu kadhaa wanachagua kitu kimoja angani, kila mtu anakipiga akiwa kwao na vifaa vyake, usiku tofauti hata mwaka tofauti, halafu faili zote zinarundikwa pamoja zinakuwa picha moja. Wanachochanga ni masaa ya mwanga.

Kwa nini masaa? Juzi nilikuwa ufukweni Shela, hapa Lamu, kamera iko juu ya mashine ya kufuata nyota, ami mmoja nahodha akapita akachungulia kioo. Ilikuwa fremu moja, yaani picha moja iliyoachwa ikikusanya mwanga dakika 3, nyeusi tii na chengachenga kama tivii ya zamani ikikosa stesheni. Akaniambia, "Sasa mwanangu, wewe wapiga picha giza?" Nikamwambia hebu ngoja ami, nikamfungulia fremu 60 za pahala pale pale zilizorundikwa, masaa 3 hayo, na wingu limeanza kutokea. Akakaa kimya kidogo kisha akasema hii ni kama mtu wa Manda akikuita nawe uko ng'ambo hii na upepo wavuma, mara ya kwanza hupati neno, lakini akirudia maneno yale yale, na upepo nao hauvumi sawa mara mbili, mwisho utamsikia tu. Wallahi sijawahi kupata mfano mzuri kuliko huo. Nebula inasema jambo lile lile kwenye kila fremu, chenga ndo zinabadilika kila mara, kwa hiyo ukitafuta wastani wa fremu zote chenga zinamalizana zenyewe kwa zenyewe na nebula inabaki.

Shida iko kwenye hesabu. Ukirundika fremu 4 chenga zinapungua nusu, fremu 16 zinabaki robo, fremu 100 zinabaki sehemu moja ya kumi, kila ukienda mbele bei inapanda. Ukiwa na masaa 10 na wataka picha safi mara mbili, masaa 20 hayatoshi, ni 40. Sasa kwa Lamu toa masika, toa siku za mwezi mkubwa, toa usiku wa mawingu na ule unyevu wa bahari unaotanda kwenye lenzi mpaka unafuta na kitambaa kila saa, hayo 40 peke yako yanaweza kula msimu mzima. Watu wanane wakitoa matano matano yamekwisha.

Mifano ipo. Kuna kundi la Wafaransa watano, Ciel Austral, darubini yao ilikuwa Chile ikiwa na lenzi yenye upana wa milimita 160 tu, wakakusanya masaa 1,060 ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, na kuitoa picha 2019. Hao walichangia darubini moja. Halafu kuna Andromeda, galaksi iliyopigwa picha kuliko karibu zote, lakini 2022 Yann Sainty, Marcel Drechsler na Xavier Strottner wakaona kando yake upinde mkubwa wa gesi ya oksijeni ambao hakuna aliyekuwa ameujua, kwa sababu walivumilia masaa mengi na kichujio kinachopitisha mwanga wa oksijeni peke yake. Ni wapenzi wa nyota tu, wala sio wa kuajiriwa. Wengine wakaupiga kwa darubini zao na wao wakaupata.

Kuchangia kwenyewe sio kutumiana picha za WhatsApp, zile zimeshabanwa na mwanga hafifu ndo wa kwanza kutupwa. Unatoa faili ghafi, programu inazipanga kwa kufuata nyota, inazizungusha na kuzilinganisha ukubwa, kisha inazipa uzito, usiku wako mchafu ukahesabiwa kidogo na msafi ukahesabiwa zaidi. Ndo maana hata darubini ndogo ina nafasi, muhimu useme kweli ulipiga lini na vipi.

Na sisi tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana, tuko nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta, Andromeda twaiona kaskazini na Wingu la Magellan kusini, kwa hiyo twaweza kuingia mchango wa pande zote mbili. Januari mida ya saa nne usiku Wingu Kubwa linasimama juu ya bahari ya Shela, chini chini, kama nyuzi 20 na kitu. Ndilo nalipiga sasa, pembezoni mwa nebula ya Tarantula iliyo ndani yake. Ami kila akipita huniuliza masaa yamefika mangapi. Jana yalikuwa 6 na dakika 20.