Programu Yako Imefika Wapi Kwenye Faili?

Vijana wanaosomea programu hapa Mombasa hupenda kujipima kwa faili kubwa: orodha ya makontena, kumbukumbu za seva, malipo ya mwezi mzima. Programu husoma vizuri mpaka stima ipotee. Stima ikirudi, inaanza tena mstari wa kwanza, na malipo yaliyokwisha kuingizwa yanaingizwa mara ya pili. Hasara hiyo inazuilika kwa kuhifadhi mahali programu ilipofika.

Faili inapofunguliwa, mfumo endeshi huiwekea nafasi ya usomaji, yaani nambari inayohesabu baiti (vipande vidogo vya data) tangu mwanzo wa faili, kuanzia 0. Ukisoma baiti 100 za kwanza, nafasi inakuwa 100. Kwenye lugha ya Python unaiuliza kwa tell() na kuirudia kwa seek(). Kwenye lugha ya C ni ftell na fseek.

Tafadhali shika hili: zinazohesabiwa ni baiti, si herufi. Angalia neno ng’ombe. Ritifaa yake ikiwa ile iliyopinda, UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kama baiti, huihifadhi kwa baiti 3, hivyo neno lenye alama 7 lina baiti 9. Na anayeshughulikia tenzi zetu za kale kwa hati ya Kiarabu, kazi ambayo natamani vijana wengi zaidi waifanye, atakuta kila herufi inachukua baiti 2. Ukikisia nafasi kwa kuhesabu herufi, unaweza kuangukia katikati ya herufi na maandishi yakavurugika.

Python ina mtego mwingine. Ukipitia faili ya maandishi mstari kwa mstari kwa for, kisha uite tell() ndani ya kitanzi hicho, utapata kosa la OSError, kwa sababu Python imeshasoma mbele kuliko mstari ulio nao. Mimi hushauri faili ifunguliwe kwa 'rb', yaani isomwe kama baiti tupu, kila mstari ubadilishwe kuwa maandishi baada ya kusomwa. Hapo tell() hujibu sawasawa.

Sasa, nafasi ihifadhiwe lini? Ukiiandika kabla ya malipo kuingia, stima ikapotea katikati, malipo hayo yatarukwa. Ukiiandika baadaye, huenda yakaingia mara mbili. Kwa hiyo weka malipo na nafasi yake katika muamala mmoja wa hifadhidata: viingie vyote au kisiingie chochote. Na kabla ya kuendelea, linganisha nafasi uliyohifadhi na ukubwa wa faili. Faili ikiwa ndogo kuliko nafasi hiyo, imepunguzwa au imebadilishwa, na programu isiendelee mpaka ujue ni faili gani unayosoma.